Kitaa cha Kijani cha Mama Ramani

Asubuhi ile nyumba ilikuwa imetulia. Mchora ramani, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Ramani, alikuwa sebuleni akichora mto kwenye kompyuta. Mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja, alikaa dirishani akiota jua na kumkosoa.

"Huo mto wako umepinda kama mgongo wangu."

"Ndivyo ulivyo, mama. Silipwi kuunyoosha."

Wakacheka.

Sasa nisikilizeni, jamani, maana utulivu huo ulikuwa na ufa. Tangu nusu ya wafanyakazi waruhusiwe kufanyia kazi nyumbani, mkuu wa idara hakuwaamini. Kwenye skrini yake, kando ya kila jina paliwaka taa ndogo, kitaa cha kijani. Usipogusa kompyuta dakika tano, kinazimika. Kikizimika mara tatu kwa siku, unaandikiwa onyo. Mama Ramani alikuwa na maonyo mawili. La tatu lingemrudisha ofisini siku zote, na mama angebaki na nani?

Basi akabuni ujanja. Kila alipokwenda kumwogesha mama, aliweka kipanya cha kompyuta juu ya kioo cha saa ya mkono. Mshale wa sekunde ulipozunguka, kompyuta ilidhani mkono wa mtu unatikisika. Ramani zake zilifika safi, tena kwa wakati. Lakini nani aliuliza habari za ramani?

Siku hiyo, saa nne, aliiacha saa ikizunguka, akamwingiza mama bafuni na kufunga mlango kuzuia baridi. Mama akateleza. Akaanguka akauziba mlango, na mlango wenyewe ulifungukia ndani. Nyonga ilivunjika. Kila Mama Ramani alipojaribu kumsogeza, bibi wa watu alipiga ukelele na kuzirai. Simu ilikuwa mezani, majirani walikuwa makazini. Mama Ramani aliita mpaka sauti ikamkauka.

Ofisini, kitaa kiliwaka kijani. Saa tano. Saa sita.

Aliyeshtuka ni mpima ardhi, mwenzake wa ofisini waliyetaniana naye kwa miaka tisa.

"Mkuu, Mama Ramani hajanijibu tangu saa nne."

"Yuko kazini, hana muda wa upuuzi wako. Si unaona kitaa kinawaka?"

"Kinawaka, ila mtu hayupo. Nimemwandikia kwamba mto wake unapanda mlima! Yule hawezi kuniachia neno la mwisho hata akiwa na homa. Na simu nimepiga mara nne."

Mkuu alitazama skrini, akamtazama mpima ardhi, kisha akachukua funguo za gari.

Nyumbani kwa Mama Ramani, mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Ule wa bafuni, mpima ardhi aliukata nusu ya juu kwa msumeno wake wa kukatia vigingi, akaruka ndani.

"Mngechelewa kidogo," daktari aliwaambia baadaye, "tungekuwa tunazungumza mengine."

Kwenye korido ya hospitali, mkuu alikohoa. "Nimeiona saa chini ya kipanya."

Mama Ramani aliinamisha kichwa. "Nifukuze, mkuu. Lakini kwanza nikushukuru."

"Shukrani mpe huyu. Mimi nilikuwa natazama kitaa tu. Na ujanja huo, mwalimu wako ni mimi."

Vitaa vilizimwa wiki hiyohiyo. Sasa watu wanapimwa kwa ramani wanazotoa, kila mmoja ametaja saa zake za nyumbani zisizoguswa, na mkuu hupiga simu asubuhi kuuliza nani amekwama wapi. Jana ya Mama Ramani ilipokelewa na mama yake.

"Shikamoo, mama. Mchora ramani wangu yupo?"

"Marahaba. Ananitandikia kitanda, subiri zamu yako." Kisha akaongeza, "Ahsante, baba. Kwa kuja siku ile. Ahsanteni sana."

Funzo letu

Ninyi mnaosimamia watu msiowaona, kitaa huonyesha kompyuta, hakionyeshi mtu. Mjue mfanyakazi wako ana nani nyumbani, na umuulize mapema, kabla hajalazimika kukudanganya. Nawe unayefanyia kazi nyumbani, shida yako iseme. Ukiificha, hata wanaokupenda hawatajua pa kukutafuta. Na kama unaye mwenzako anayekusumbua kwa utani kila siku ya Mungu, mjibu. Mshukuru pia. Huenda ndiye pekee atakayegundua kwamba umenyamaza.