Ukuta Mkubwa wa Rispah

"Hii nyumba imeshapata mke," Rispah akasema. "Sasa mimi nakuja kufanya nini?"

Akatoka nje. Senge yake, dada wa babake, akanitazama kama aliyeona ng'ombe akipanda ngazi, kisha akamfuata.

Nikabaki sebuleni peke yangu, kijijini Misikhu, mwaka wa hamsini na tatu, wiki tatu kabla ya arusi yetu. Kuta zote nne nilikuwa nimezipaka krimu, rangi ya maziwa yaliyoganda. Mimi Wabwile nilikuwa fundi wa rangi Kitale, nyumba za wakubwa zilinijua, na nilitaka mke wangu aingie mahali pasipomdai kazi. Sikujua nimemkosea wapi.

Jumatatu nikaenda dukani kwa Jasbir, Singasinga aliyeniuzia ile krimu, nikamwambia rangi imekataliwa. Akaniwekea mkebe mwingine mezani, kijivu cha majivu, akasema hii haichoshi macho. Kisha akaniuliza:

"Kwenu ukuta napaka nani?"

"Mama."

"Na huyu bibi yako, ulimuuliza?"

Mkebe nikauacha hapo hapo. Kwetu mwanamke ndiye hukanda udongo na kupaka nyumba yake, na alama ya kiganja chake hujulikana hata na majirani. Mimi na brashi yangu nilikuwa nimemfungia mlango. Niliona aibu sana.

Nikarudi nyumbani, nikaukwangua ukuta mkubwa mpaka udongo ukaonekana, nikamwandikia:

*Rispah, nimekosa. Krimu nimeibakisha kwenye kuta zile ndogo tu, penye dirisha. Ukuta mkubwa ni wako. Ukikataa kuja, nitajua nimekupoteza.*

Siku nne sikula vizuri. Ya tano ikaja karatasi, maneno machache:

*Nitakuja Jumamosi. Usishike brashi.*

Alikuja na senge, na karai la udongo mweupe wa mtoni uliochanganywa na majivu. Akapaka kwa kiganja, akizungusha mkono polepole bila kurudia mahali. Nimefanya kazi na mafundi wengi, mkono kama ule sijauona. Udongo ulipoanza kukauka ukawa kijivu chepesi, na krimu yangu, ambayo nilikuwa nikiisifu Kitale nzima, ikaonekana inapiga kelele.

"Yako imeshinda," nikasema. "Hiyo krimu nitaitoa."

"Iache. Dirisha ni dogo, hiyo inaleta mwanga. Si ungeniuliza tu, Wabwile?"

"Ningekuuliza. Sasa nikusaidie nini?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Udongo umekauka. Nichotee maji."

Nilikuwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi. Nikachukua debe, nikashuka mtoni mbele ya wanaume wa Misikhu waliokaa kando ya njia, nikarudi nalo begani, maji yakinimwagikia. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Safari ya tatu nikamkuta senge mlangoni. Akanipokea debe, akasema nikawaambie wazee wangu tarehe ya arusi ibaki ile ile.

Tulifunga ndoa kanisani, wageni wakakaa wakiuegemea ukuta ule, na kila aliyeuliza nani ameupaka nilimwonyesha bibi arusi.

Kila mwaka kijivu kile hupauka. Rispah akianza kukanda udongo, haniambii kitu. Mimi huchukua debe.