Kerneli ya Jumamosi

Saa nne asubuhi mapokezi ya hospitali yalikuwa yamefurika. Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa akipenya foleni mbio, jasho likimtiririka, akamkumba mwanamke wa gauni la njano.

"Samahani, dada..." Akamtambua.

"Ndiyo mimi," mwanamke akasema. "Kampuni ya mtambo wa eksirei imenituma. Mtambo uko wapi?"

Miezi miwili hawakuwa wamesemeshana. Jumanne moja fundi alimwambia anataka kumuoa, naye akaomba apewe mpaka Ijumaa. Ijumaa ikapita kimya. Jumapili mchana, kwa hasira, fundi akamwandikia "Usinitafute tena," kisha akaifungia namba yake. Tangu siku hiyo hakujua raha.

Mtambo wa picha za eksirei uliendeshwa na Linux, mfumo wa kompyuta, uliofungwa kila upande na kuachiwa menyu tu. Humo hujengi kitu. Moduli, kipande cha programu cha kuufanya uzione diski zenye picha, huja imeshajengwa, na sharti ilingane na kerneli, moyo wa mfumo, hadi tarakimu ya mwisho ya toleo. Leo mtambo ulikuwa umezimwa na kuwashwa, na moduli ikakataliwa. Ghorofani mgonjwa alingoja upasuaji wa kichwa, na picha zake hazifunguki.

Mwanamke akapakia moduli aliyokuja nayo. Ikakataliwa.

"Mmegusa kerneli?"

"Hapana."

"Niangalie usoni."

Simu ya mezani ikalia. "Mwanangu," daktari mpasuaji akasema, "huyu mama ananifia mikononi."

Fundi akaweka simu chini. Kusema kweli kulikuwa ni kujifukuzisha kazi.

"Niliisasisha," akasema. "Jumamosi iliyopita, bila ruhusa. Leo tulipouwasha mtambo ndipo ikaanza kazi. Akili haikuwepo, mpenzi. Nilikuwa nakuwaza wewe."

Mwanamke hakumkaripia. Alipiga simu karakana kwao: "Nitumieni moduli ya toleo jipya, iliyotiwa sahihi ya kampuni ili mtambo uikubali. Sasa hivi!" Dakika kumi na nane wakakaa bega kwa bega mbele ya skrini. Ilipofika akaipakia. Diski zikaonekana, na picha za fuvu zikajaa skrini. Fundi akalia waziwazi.

"Kwa nini ulininyamazia?" akauliza.

"Chumba cha kampuni cha kutilia moduli sahihi, simu unaiacha mlangoni. Niliingia Alhamisi nikatoka Jumapili jioni, nikakuta ule ujumbe wako. Nilipiga mara thelathini, bwana mkubwa. Ulikuwa umeshanifungia."

"Nisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Mjinga sana. Ripoti nitaiandika kama ilivyo."

"Iandike. Nitaisaini."

Mwanamke akafunga begi, akaondoka bila kuaga. Fundi alibaki amesimama, akaitoa simu na kuifungulia namba ile. Haikupita dakika mbili, ikaita.

"Haloo?"

"Nilijua utanifungulia. Nimekubali," sauti yake ikasema, na nyuma yake kelele za foleni ya mapokezi.

"Umekubali nini?"

"Ulichoniuliza Jumanne ile. Na kazi wakikunyang'anya, basi tutaanzia hapo."