Alikokwenda Baba Samira

Nisikilizeni, watu wa Turwa na majirani wa vijijini, maana jambo hili limo katika nyumba zetu nyingi na tumelizoea mpaka tunaliita busara.

Asubuhi ile ya Jumamosi nyumbani kwa Swaleh, fundi seremala, kulikuwa na furaha. Hema la kijani lilikuwa limetandazwa uani. Samira, binti yake mkubwa, alikuwa akipanga vigingi na kamba, na Mwantumu, mke wa Swaleh, alikuwa akikaanga maandazi ya njiani. Useremala ulikuwa umedorora, hivyo Swaleh alikuwa ameanza kupeleka wageni kutembea na kupiga kambi katika msitu wa hifadhi ulioko milimani, juu ya Nyanungu. Siku hiyo yeye na binti yake walikuwa wanakwenda kukagua njia mpya, walale huko, warudi Jumapili. Mwantumu aliipenda kazi hiyo. Alipenda kuwasikia wawili hao wakibishana juu ya viatu.

Ndipo jirani yao Veronika akachungulia getini.

"Hodi humu. Mnakwenda wapi na mzigo wote huo?"

Swaleh akavuta turubai, akalifunika hema upesi kana kwamba ni mali ya wizi.

"Mugumu," akasema. "Tumefiwa na shangazi."

Shangazi mwenyewe alikuwa mzima wa afya. Mwantumu alikuwa ameongea naye kwa simu jana yake tu. Veronika alipokwisha kutoa pole na kuondoka, Mwantumu aliweka mwiko chini.

"Baba Samira, umemuua shangazi yako kwa ajili ya hema?"

"Watu wana macho mabaya. Ukitaja safari inavurugika. Na wewe ukiulizwa, sema hujui."

"Kweli sijui. Mtapanda upande gani?"

"Milimani."

"Milima ni mingi."

"Milimani, Mama Samira. Inatosha."

Hata kibali hakuomba, kwa sababu ofisi ya msitu ingetaka kujua njia yake na siku ya kurudi, naye aliamini habari zingemfikia Faridu. Huyu Faridu hukodisha mahema pale mjini na hupeleka wageni milimani, na kwa Swaleh ndiye aliyekuwa hasidi namba moja. "Faridu hasa asijue," alisema akiwa tayari juu ya bodaboda. Hebu semeni kweli, nani kati yenu hajawahi kusikia maneno kama hayo nyumbani kwake?

Jumapili ikapita, mvua ikanyesha, simu zao hazikupatikana. Jumatatu Mwantumu alianza kuulizia mjini, na hapo hofu yake ikachanganyika na hasira. Muuza mbao alikuwa ameambiwa Swaleh anakwenda Sirari kununua misumari. Msikitini walijua amekwenda Musoma kutibiwa macho. Kila mtu alikuwa amegawiwa safari yake. Kituo cha polisi, askari alimtazama kwa uchovu.

"Mama, mumeo yuko Mugumu, Sirari au Musoma?"

"Yuko milimani."

"Nani kakwambia?"

"Yeye."

"Na hawa wengine, nani kawaambia?"

"Yeye huyo huyo."

Askari aliiweka kalamu mezani. Mwantumu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kuwaeleza watu kwamba mumeo si mkosefu wa akili, ila ni msiri tu, ni kazi ngumu.

Jumanne alifika Nyanungu kwa mzee Mogesi, mfugaji anayeishi chini ya mlima. Alimwamkia shikamoo, akamweleza. Mogesi hakupoteza muda. Yowe likapigwa, wanaume wakaacha ng'ombe na mashamba, wakaja na fimbo na mapanga.

"Yowe tumepiga, mama, na watu ni hawa," Mogesi alisema. "Sasa twende wapi? Huu mlima una mabonde mengi, na kuuzunguka ni safari ya kutwa."

Mwantumu alinyanyua mkono ili aonyeshe, kisha akaushusha. Hakujua. Wakatafuta upande wa karibu mpaka jioni, wakarudi wamelowa, bila kitu. Alitaka kulia na alitaka kumzaba Swaleh kofi, asijue lipi lianze.

Mtaniuliza, kwa nini hakwenda kwa Faridu, anayeijua milima ile kuliko mtu yeyote mjini? Alimfikiria tangu Jumapili. Kila alipotaka kwenda, alikumbuka alivyokatazwa. Miaka yote ya ndoa alikuwa amefundishwa kufunga mdomo, na alikuwa mwanafunzi mzuri mno.

Jumatano asubuhi Faridu alikuja mwenyewe, baada ya kusikia habari msikitini.

"Shemeji, mbona hukunijulisha? Samira alipita dukani kwangu juzijuzi kuuliza maji yanapatikana wapi huko juu, maana baba yake hataki kuuliza mtu. Nilimwelekeza chemchemi ya upande wa nyuma, chini ya jabali. Kama wana akili wamepiga kambi pale."

"Mmoja anayo," Mwantumu alijibu, tayari anavaa viatu.

Waliwakuta pale pale. Swaleh aliteleza kwenye mwamba uliolowa maji ya chemchemi Jumamosi ile ile, mguu ukavunjika, mfupa ukatoka nje. Simu hazishiki mtandao huko. Samira alikuwa ameufunga mguu kwa vyuma vya hema na kukoka moto chini ya jabali, na kwa sababu ya fisi hakuthubutu kumwacha baba yake peke yake. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita watu.

"Kila siku nilisema leo mtakuja," alinong'ona. "Mama, mbona mmechelewa hivyo?"

Mwantumu alimkumbatia, akamfunika kwa kanga yake.

Hospitali walimkata Swaleh mguu. Daktari alisema angefikishwa hata Jumatatu, huenda ungepona.

Majirani walipokuja kumwona walijaa ukumbini nje ya wodi, Veronika, Mogesi na chupa yake ya maziwa, na Faridu nyuma yao. Swaleh alimvuta mkewe karibu.

"Wakiuliza," alisema kwa sauti ya chini, "waambie bodaboda ilinigonga."

Mwantumu alimtazama mtu huyu aliyezaa naye watoto. Kisha akaufungua mlango wa wodi kabisa.

"Ingieni. Veronika, hakuna msiba, shangazi ni mzima. Mume wangu alikuwa mlimani upande wa nyuma, alidanganya kila mtu, ndiyo maana mguu umekatwa. Faridu ndiye aliyetupeleka. Yaliyobaki atawaeleza mwenyewe."

Swaleh akageukia ukutani. Samira akavuta kiti, akamkaribisha Faridu aketi kando ya kitanda cha baba yake.

MAFUNZO

Jicho baya halikumwangusha Swaleh. Aliangushwa na mwamba uliolowa, jambo linaloweza kumpata yeyote. Mguu wake uliliwa na zile siku ambazo watu walikuwa tayari kumfuata wasijue pa kwenda. Ukipanga safari ya milimani, omba kibali, uliza maji kwa anayejua hata kama humpendi, na watu wa nyumbani waambie njia yako, utakapolala na siku ya kurudi. Nanyi mnaoambiwa "sema hujui" ndani ya nyumba zenu wenyewe, msikubali, na likitokea la kutokea semeni siku ile ile. Maana ukimficha akupendaye ili hasidi asijue, siku ya shida hasidi atakuwa amelala kwake, na akupendaye atakuwa barabarani, hajui aanzie wapi kukutafuta.