Kibandiko cha Kitanda cha Tisa

Mwalimu mstaafu alikufa kitanda cha kumi, macho wazi, miwani bado mkononi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mwanawe alikuwa amepiga magoti sakafuni, kaikumbatia miguu ya baba yake kama anayemzuia asiondoke.

Inspekta alisimama mlangoni akaitazama maiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, miaka ishirini kazini, lakini siku hiyo alijiona kama mtu aliyetumwa kuteka maji kwa pakacha. Huyu alikuwa wa kumi na sita katika wiki nne. Wote walikuwa na homa ya mapafu. Wote walikuwa wakichomwa sindano ileile, inayoponya watu kila mahali.

"Nani alimchoma sindano jana?" aliuliza.

"Ni mimi, afande."

Aliyejibu ni muuguzi mrefu ajabu, ambaye wenzake walimwita Twiga. Sare yake ililowa kifuani. Alikuwa na mtoto wa miezi minne nyumbani, na saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita.

"Katika hawa kumi na sita, wangapi walipita mikononi mwako?"

"Kumi."

Mwana wa marehemu akainuka. "Mmesikia? Kumi! Kwa mdomo wake mwenyewe!"

Haikupita saa moja watu walijaa getini, wengine na mawe. Inspekta akamwingiza Twiga kwenye gari la polisi, amnusuru tu. Kumbe kumwingiza kulikuwa rahisi. Kumtoa ndiko kulikomshinda.

"Kumi katika kumi na sita," Mkuu wa kituo alisema. "Unangoja nini tena, akuandikie barua? Ijumaa alasiri apelekwe mahakamani."

"Afande, sina ushahidi wa sumu, sina sababu, sina..."

"Una maiti. Leo Jumanne. Jipange."

Jumatano mchana mama yake Twiga alifika kituoni na mjukuu mgongoni. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Aliponyonya ndani ya mahabusu, askari wote waligeuza nyuso zao.

"Mwanangu," yule mama akamwambia Inspekta, "ni wewe uliyemleta humu?"

"Ni mimi, mama."

"Basi ni wewe utakayemtoa. Mimi sina pa kwenda kwingine."

 Inspekta alirudi hospitali, akaenda chumba cha kumbukumbu. Humo alikaa mtakwimu, mwanamke wa miaka sitini aliyeitwa Mama Hesabu, akizungukwa na majalada na kopo moja la vifungo vya mashati.

"Nisaidie, mama. Kumi na sita. Ni nyingi au si nyingi?"

"Nyingi kuliko nini?" Mama Hesabu akamuuliza. "Kaa chini. Una wagonjwa themanini. Wamekufa kumi na sita, wamepona sitini na nne. Twiga kahudumia arobaini, mwenzake arobaini. Kama muuguzi hana uhusiano na kifo, ulitarajia wafe wangapi kila upande?"

"Wanane kwa wanane."

"Na waliokufa?"

"Kumi kwa sita."

"Tofauti ni mbili. Sasa, mbili hiyo imeletwa na mtu, au imejileta?"

Akahesabu vifungo vyeusi kumi na sita na vyeupe sitini na vinne, akavirudisha koponi, akatikisa. Akatoa arobaini bila kutazama. Vyeusi vilikuwa saba. Akarudia: tisa. Akarudia tena: kumi.

"Umeona? Kumi imekuja yenyewe, na mimi sijaua mtu."

Akachora jedwali la vyumba vinne: waliokufa na waliopona, Twiga na mwenzake. "Hili linaitwa jaribio la kai-mraba. Kila chumba, natoa kilichotarajiwa kwenye kilichotokea. Jibu nalizidisha kwa lenyewe, nagawa kwa kilichotarajiwa. Najumlisha vyote." Kalamu ikakimbia. "Moja nukta mbili tano. Kwa jedwali kama hili mpaka wetu ni tatu nukta nane nne. Chini ya hapo siwezi kumnyooshea mtu kidole."

Inspekta alirudi kwa Mkuu mbio. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka bila furaha.

"Vifungo? Nikasimame mbele ya wafiwa niwaambie habari za vifungo? Inspekta, nenda kapumzike."

Alhamisi wakaanza upya. Walipanga wagonjwa kwa jinsia. Chini ya mpaka. Wakapanga kwa umri, vijana na wazee. Chini ya mpaka. Walio dirishani na walio ukutani. Chini. Kila jedwali lilipokataa, Inspekta alimwona yule mtoto akilia.

"Kesho wanampeleka," akasema, kichwa mikononi. "Na mimi nacheza na vyumba."

"Hatuchezi. Tunawaondolea watu mashaka mmojammoja. Lete jalada lingine."

Inspekta akafunua jalada bila kulisoma. Kidole chake kikagusa kibandiko kidogo pembeni mwa ukurasa.

"Hiki nini?"

"Namba ya toleo la dawa, yaani dawa zilizotengenezwa pamoja. Muuguzi hukibandua kwenye kichupa, akakibandika hapo. Ndiyo kazi yao. Hakuna anayevisoma."

"Hiki kinaishia na nne. Na hiki saba."

Wakatazamana. Wakafunua majalada yote themanini, Inspekta akisoma, Mama Hesabu akiandika. Kila mgonjwa alikuwa amechomwa toleo moja tu. Toleo la saba, wagonjwa arobaini: wawili wamekufa, thelathini na wanane wamepona. Toleo la nne, arobaini: kumi na wanne wamekufa.

Mama Hesabu alikokotoa taratibu. Kisha akaiweka kalamu chini kama kitu cha moto.

"Kumi na moja nukta mbili tano. Naweza kutikisa kopo hili mpaka nistaafu, mwanangu, na kumi na vinne visije."

"Kwa hiyo ni nani?"

"Kai-mraba haijui majina. Inakuambia tu kwamba vitu hivi viwili vinatembea pamoja. Nani kavifunga kamba, hiyo ni kazi yako."

Mkemia alizipima dawa jioni hiyohiyo. Toleo la saba lilikuwa zima. Toleo la nne lilikuwa limepigwa na joto. "Halina nguvu kabisa," alisema kwenye simu. "Hakuna aliyewapa sumu, afande. Walikuwa wanachomwa maji."

Ijumaa asubuhi Inspekta alikuwa stoo ya dawa. Mtunza stoo alikuwa mwanamume mpole, nadhifu wa mavazi, anayejua majina ya watoto wa kila mfanyakazi. Akamvutia kiti.

"Karibu, afande. Chai?"

"Asante, nimekunywa. Friji hii huipima joto?"

"Asubuhi na jioni, bila kukosa. Karatasi hiyo mlangoni."

Inspekta akaisoma. Nyuzi nne, nyuzi tano, nyuzi nne. Kalamu moja, mwandiko mmoja, safi kama shairi.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Mbona ya kumi na nne umeshaiandika? Na ya kumi na tano. Hata jioni yake."

 Mkono wa mtunza stoo ukaenda kwenye kola.

"Huwa... huwa naijaza mapema, afande. Kazi nyingi. Sote tunafanya hivyo."

"Toleo la nne lilipata joto wapi?"

Mtunza stoo akaigeukia karatasi, akainyoosha pembe.

"Twiga anapelekwa mahakamani leo. Ana mtoto wa miezi minne. Unamjua jina?"

"Namjua," alisema, na machozi yakamtoka. Akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea friji. "Ni mimi. Nilichomoa waya Ijumaa moja ili barafu iyeyuke, nisafishe. Nikasahau kuurudisha. Jumatatu nikaikuta vuguvugu."

"Lakini toleo la saba ni zima."

"Lilifika Jumatatu hiyohiyo. Nikayapishanisha, wiki hili, wiki lile, vifo visifuatane."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilishaonywa mara mbili. Ya tatu nafukuzwa. Nyumba tunayokaa ni ya hospitali, na mama yangu ni mgonjwa. Ningempeleka wapi? Nikajiambia labda dawa bado ina nguvu."

"Uliamini hivyo?"

"Niliamini, wallahi."

Inspekta akafungua daftari lake mapajani. "Wiki hii wodi nzima imechomwa nne. Kitanda cha nane, nne. Cha kumi, mwalimu, nne. Cha tisa peke yake ni saba. Nani analala cha tisa?"

Mtu yule akajifunika uso. Alijibu kwa sauti ya mtoto.

"Mama yangu."

"Nani alimbadilishia kichupa?"

"Mimi. Wauguzi walipogeuka."

"Basi hukuamini."

"Sikuamini," alisema. "Sikuamini, afande. Nilimsikia mwalimu akikohoa pale pembeni yake, nikampa pole nikaondoka."

Inspekta alimfunga pingu. Hakuona ushindi wowote. Aliona tu jinsi mikono ile ilivyokuwa myembamba.

Twiga aliachiwa saa nane mchana. Nje ya kituo mama yake alimpokea, wakaketi kwenye kidaraja, Twiga akatoa titi. Maziwa yalikuwa yamekauka kwa mawazo. Mtoto alinyonya, akaliacha, akalia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita alimtambua yule muuguzi, akavuka barabara kumkwepa.

"Mwambie aliyekosa ni mtu mwingine!" Mama yake Twiga akamgeukia Inspekta. "Mwambie basi!"

Inspekta akamwambia. Yule mwanamke alishika njia yake bila kugeuka.

Jioni Inspekta alipita wodini kuchukua saini ya mwisho. Kitanda cha kumi kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Kwenye cha tisa alikuwa ameketi bibi mmoja mkavu, damu imeanza kumrudia usoni, bakuli la uji mkononi.

"Wewe mwanangu, ni mkubwa hapa?" bibi akamwita.

"Hapana, bibi. Ni mpita njia."

"Mwanangu hajaja kunijulia hali leo, na hajawahi kukosa. Ndiye anayetutunzia dawa. Ukimwona mwambie nimemaliza uji wote. Atafurahi."

  Inspekta akalipokea lile bakuli tupu kwa mikono miwili, akabaki amelishika.