Ntapokea Mimi

Kila Jumamosi baada ya Alasiri walikutana Bustani ya Viktoria, Vuga, watu tisa na baiskeli zao. Ayoub, mwalimu wa skuli, alitangulia kuonesha njia. Hayakuwa mashindano. Walipita vichochoro vya Shangani wakiamkiana na wazee barazani, wakazunguka Mnazi Mmoja, kisha wakatoka mjini kutafuta barabara zisizo na magari. Walikokwenda walikunywa kahawa kwa kashata, wakacheka, wakarudi kabla ya Magharibi.

Nusrat aliletwa na wifi yake, Ulfat. Himid, mume wa Nusrat na kaka wa Ulfat, alifariki kwa homa ya siku tatu. Eda ilipokwisha Nusrat alitoka ndani vile vile alivyoingia. Hakulia, hakukonda, hakulalamika. Alikula alipopakuliwa. Wenzake wakicheka, naye alicheka.

Jumamosi hiyo walikwenda Chukwani. Wakati wa kurudi Ayoub alipata pancha, wakachelewa, na adhana ya Magharibi ikawakuta njiani. Nusrat alikuwa wa mwisho. Hakuona sababu ya kukimbilia. Taa nyekundu za wenzake ziliingia konani moja moja, zikapotea.

Kimya.

Kisha akasikia cheni nyuma yake. Krrr... krrr...

Ulfat akamfikia ubavuni, mtandio umemshukia usoni. Nusrat alidhani wifi yake yuko mbele na wengine. Labda alisimama kumngoja. Wakaenda sambamba. Upepo ukaleta harufu. Karafuu maiti. Mara ya mwisho aliinusa nyumbani kwake, siku ya kumtoa Himid.

"Mbona hukumlilia?" Ulfat akauliza, taratibu.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, hata mama yake.

"Sijui," Nusrat akasema. "Nnangoja chozi lije lenyewe."

"Basi twende kwake. Si mbali."

Wakakata kushoto, njia ya mchanga inayoshuka pwani. Nusrat alijua fika kwamba njia ile haiendi mjini. Alikata tu. Kuta za nyumba zikaisha, taa zikaisha, ikabaki mikadi huku na huku.

Simu ikalia mkobani. Akaitoa. Jina likawaka kiooni.

Ulfat.

Akageuza shingo. Baiskeli ya pembeni ilikuwa ikienda juu ya mchanga bila kuzama. Pedeli zilijizungusha zenyewe. Miguu ilikuwa inaning'inia, mitupu, haikugusa kitu.

Krrr... krrr...

"Usipokee," sauti ikanong'ona. "Ntapokea mimi."

Simu ikanyamaza.

Hilo ndilo lililomtisha Nusrat baadaye, kila alipokumbuka: kwamba hakuogopa. Alirudisha simu mkobani, akaendelea kukanyaga.

Gurudumu la mbele likazama. Akaanguka, kiwiko kikapasuka kwenye jiwe la matumbawe. Maumivu yakampanda mpaka kwenye meno, na ilikuwa miezi hajasikia kitu mwilini mwake. Akapiga bismillahi, akainua baiskeli, akaigeuza.

Nyuma yake mtu akamwita.

"Nusrat."

Mara moja tu, kwa sauti ya Himid.

"Naam" ilikwishafika ulimini. Miaka kumi na moja aliitika hivyo. Akauma ulimi, akakanyaga.

Wenzake aliwakuta Mazizini, wamesimama chini ya taa ya barabarani. Ulfat alipomwona hakumkimbilia. Alirudi nyuma hatua moja.

"Umefikaje hapa?" akauliza. "Sasa hivi umenambia ushafika kwa Himid."

Nusrat akasema hakupokea simu. Ulfat akamwonesha yake: walizungumza dakika nne. Nusrat akauliza huyo aliyepokea alisema nini. Ulfat hakutaka kusema, mpaka alipobanwa. Akasema kwamba simuni Nusrat alikuwa akilia kwa kwikwi, kilio cha mtu aliyefiwa siku ile ile, na kando yake kulikuwa na mtu akimbembeleza.

Usiku ule Bi Wanu, mama yao Ulfat na Himid, alimsomea Nusrat, akamfukiza. Hakushangaa hata kidogo. Alisema njia ile ina mwenyewe, tangu zamani, na huja kwa sura ya jamaa. Humchukulia mtu kile alichokiweka bila kukitumia. Nusrat akauliza kama ameshachukua alichotaka, au bado. Bi Wanu akaendelea kupepea chetezo.

Kikundi kilihamishia safari zake asubuhi. Kiwiko kilipona. Nusrat mpaka leo hajalia. Ulfat humpigia simu kila siku, na kabla ya salamu humuuliza, "Ni wewe?" Nusrat hujibu kuwa ndiye, ndipo wanapozungumza.

Juzi simu ililia akiwa jikoni. Akapokea, akaiweka sikioni.

"Ni wewe?" Ulfat akauliza.

Nusrat alikuwa bado hajafungua kinywa.

"Haya, alhamdulillahi," Ulfat akasema, akaanza kumpa habari za nyumbani.