Anayependa Waliolala

Mteja alilala akiwa amesimama.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Fundi alikuwa amempima mabega na kifua, sasa anazungusha utepe kiunoni, kalamu kaibana kwa meno.

"Inua mkono kidogo, dada."

Mkono haukuinuka. Fundi akatazama juu. Yule dada, aliyekuwa punde tu akilalamika kwamba gauni la mwisho lilimbana kwapani, alikuwa amefumba macho, kidevu kimegusa kifua, anakoroma taratibu. Na chumbani palikuwa na harufu tamu, nzito, kama papai lililooza likamwagiwa spiriti.

"Dada! Dada!"

Mteja akashtuka, akafuta mate. "Tumefika wapi? Kiunoni?" Kama aliyepepesa jicho tu.

Fundi akacheka, akaandika vipimo. Lakini tumboni mwake mtoto wa miezi tisa alijikunyata akatulia tuli, kama mtu anayejificha.

Harufu ile aliijua. Miaka minne nyuma, mimba yake ya kwanza ilipokwama, hospitali walimlaza kwa dawa ili wamwokoe. Alipokuwa anazama usingizini, ndiyo harufu aliyoisikia, na wauguzi walimwambia baadaye kwamba dawa yao haina harufu kama hiyo. Aliamka jioni, tumbo limelala, muuguzi kamshika mkono. Alikuwa mtoto wa kike. Hakuna aliyefanya kosa. Kila mtu alitimiza kazi yake. Lakini mama aliyezaa usingizini akaamka mikono mitupu hajui hata pa kuanzia kulia.

Ndiyo maana safari hii aliandika mpango, akaubandika ukutani juu ya cherehani. Atazalia nyumbani. Hatachomwa sindano wala hatameza dawa ya kupunguza uchungu. Mkunga atakuwepo tangu mwanzo. Gari la jirani likae na mafuta, mambo yakienda kombo wakimbilie hospitali. Kila alfajiri alishika fremu ya mlango, akainama, akavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, mpaka mgongo ulegee.

Mama mkwe, aliyekuja kukaa nao kusubiri mjukuu, aliusoma ule mpango mara moja tu, akasonya msonyo uliofika barabarani.

"Watu wanakwenda mbele, wewe unarudi kinyumenyume! Mimi nilizaa watano kwa uchungu kwa kuwa dawa haikuwepo, si kwa kuwa niliupenda."

"Nataka niwe macho, mama."

"Utakuwa macho miaka miwili mtoto akishatoka. Haraka ya nini?"

Mume alikuwa fundi wa friji. Mkewe na mamaye wakianza kujibizana, yeye huingiza kichwa ndani ya friji ya mtu na kukitoa wamekwisha. Nyasi zikiona mafahali, hulala chini.

Baada ya yule mteja, usingizi ukaingia nyumbani kama mgeni mwenye ufunguo. Jumatano mume alilala mezani, tonge mkononi. Alhamisi jirani alilala wima uani kwake, shuka mbichi limemfunika kichwa, maji yanamchuruzika mabegani. Ni mchana kila mara, na harufu ni ile ile. Kila mara Fundi peke yake ndiye anayebaki macho. Na katika ule ukimya, wakati hata nzi wametua, alisikia nyayo: peku, mbichi, pwata, pwata, zikitoka getini. Alhamisi zilifika kwenye korido. Ijumaa zilifika mlangoni pa chumba chake, zikasimama, zikarudi, kama mtu anayejifunza njia.

Jumamosi mkunga alikuja kumpima. Alikuwa muuguzi mstaafu, mfupi, mwenye mikono minene kama ya mtu wa kukanda unga. Aliinama, kile kifaa chake cha mbao sikioni, akisikiliza moyo wa mtoto, na hapo hapo akalala, shavu juu ya tumbo la mama. Harufu ikajaa. Nyayo zikaja moja kwa moja, zikapita mlangoni, zikasimama nyuma ya pazia. Na kwenye ukingo wa pazia vikatokea vidole vinne, virefu, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima.

Fundi akalifinya sikio la mkunga kwa kucha. Mkunga akaruka, na vidole vikapotea. Akanusa, uso ukamshuka.

"Imeanza lini?" akanong'ona.

"Jumanne. Unaijua?"

"Nimekaa wodi ya wazazi miaka thelathini na moja." Akamsogelea mpaka pumzi zikagusana. "Wazee wa kazi walimwita Mlezi. Ni jini asiyezaa. Huchukua kwa mama aliyelala. Tena sikia, si dawa, usije ukawatisha wenzako. Wanawake chungu nzima wamelazwa kwa dawa na wakaamka na watoto wao. Siku ile alikukuta wewe. Akapata. Sasa anarudia."

"Basi niende hospitali?"

"Nenda ukitaka. Atakufuata huko huko. Popote utakapokuwa, kaa macho. Aliyelala huporwa, aliye macho huombwa. Akikuomba, usimpe kitu."

Uchungu ulianza Jumapili alfajiri, ukaja kwa mawimbi mazuri, na Fundi aliyapokea moja moja: nne ndani, sita nje. Mume alimsugua kiuno. Mkunga alikunja mikono ya gauni. Mama mkwe aliweka kiti karibu na mlango, akakunja mikono kifuani.

"Mimi nimekuja kutazama ujinga tu," alisema. Lakini maji ya moto alikuwa ameyachemsha yeye, na vitambaa alikuwa amevifua na kuvipiga pasi mara mbili.

Saa tisa mchana mkunga akasema, "Kichwa hicho. Usisukume bado." Mama mkwe akasema, "Mimi nilisema tangu mwa—"

Hakumaliza. Harufu iliingia kama maji yanavyoingia chini ya mlango, na Fundi, aliyekuwa amechuchumaa akimwegemea mumewe, alihisi mikono ya mume ikilegea mabegani mwake na kuwa mizito kama magunia, akamwona mkunga akiinamisha kichwa polepole mpaka paji likagusa sakafu, akasikia kule nje redio ya jirani ikiendelea kuimba peke yake kwenye mtaa uliolala wote, na mlango ukafunguka, na nyayo zile mbichi zikaingia, pwata, pwata, zikimpita mama mkwe kitini, zikija mpaka mbele yake, na safari hii nyayo zilikuwa na mwenyewe: mwanamke mrefu, kavaa aproni nyeupe, kashika kitambaa kilichotandazwa kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyelala, macho yamefumba, mdomo umeachama kidogo, lakini akageuza ule uso kulia na kushoto kama anayeona kila kitu.

"Lala," akasema, akapiga mwayo. "Haitauma."

Macho ya Fundi yakawa mazito. Akavuta pumzi, moja, mbili, na kabla hajafika nne uchungu ukamshika, ukamkamua kama nguo, ukamwamsha kila mfupa. Akapiga ukelele.

"Toka!"

"Wa kwanza alikuwa mwepesi," jini akasema kwa upole. "Hakulia hata kidogo."

Hasira aliyokuwa ameifungia miaka minne ikakata kamba. Alisukuma kwa hasira hiyo. Akamtukana yule mwanamke, akamtukania mama yake kama anaye, akasukuma tena, akapeleka mikono chini mwenyewe, akadaka kichwa, akadaka mabega, na mtoto akateleza mikononi mwake, wa kiume, wa moto, bado hajalia.

Kitambaa kikasogea. "Nipe."

"Sikupi!"

"Siondoki mikono mitupu. Nyumba imejaa watu. Nipe mwingine basi."

Fundi hakusema neno. Hilo angeweza kuliapia mbele ya yeyote. Lakini macho yake, bila kuulizwa, yaliondoka kwa jini yakaenda kwenye kile kiti cha karibu na mlango.

Ule uso uliolala ukatabasamu.

Mtoto akalia. Mkunga akainuka akisema, "Sukuma sasa!" kisha akaona mtoto kashazaliwa, akaguna, akashika kazi yake. Mume alilia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mama mkwe aliamka wa mwisho. Akainuka kitini, akaja taratibu, akatabasamu.

"Hongera, mwanangu."

Kwa miaka sita ya ndoa hakuwahi kumwita hivyo.

Tangu siku hiyo mama mkwe akawa asali. Alipika uji, alifagia, alipita nyumbani akiimba wimbo usio na maneno. Mume alifurahi mpaka akawasimulia wateja. "Mjukuu amemlainisha," alisema. Hakuona alichokiona Fundi: mama yule, akidhani hatazamwi, alitembea kati ya viti amefumba macho, na hakujikwaa.

Na kila saa ni lile lile. "Umechoka, mwanangu. Lala, nikushikie mtoto."

Fundi hakulala siku nne. Alijifunga mtoto kifuani kwa kanga mbili, fundo juu ya fundo, na kope zikimwelemea alijichoma gotini kwa pini. Siku ya tano mkunga alipokuja kumwangalia, Fundi alimvuta chooni, akafunga mlango, akamweleza kila kitu. Ule mtazamo akausema mwisho, kwa sauti ndogo kabisa.

Mkunga alitega sikio mlangoni kwanza.

"Mama mkwe wako yumo humo ndani," akanong'ona. "Amelala tu. Aliyelala huamshwa. Kuna kitu gani ambacho hata ungemkuta kaburini hawezi kukiacha kipite?"

Fundi hakuhitaji kufikiri.

"Kujibu," akasema.

Walimkuta sebuleni, mchana kweupe, anakunja nguo za mtoto. Mume alikuwa anafungua mashine ya friji pembeni. Fundi alisimama mbele ya mama mkwe, mtoto kifuani.

"Mama, uji wako una madonge. Utadhani umepikwa na mtu anayekimbizwa."

"Pole, mwanangu," akatabasamu yule.

"Mke wangu!" mume akasema.

Mkunga akamkamata mkono. "Kaa kimya."

"Na huyu mwanao ulimlea kama yai. Mwanamume mzima hajui kushona kifungo."

Shavu la mama mkwe likacheza kidogo. Harufu ikaanza kupanda, papai na spiriti. "Umechoka," akasema. "Lala."

"Lile gauni lako la harusi yetu nililikata mimi. Nilikuambia nimeongeza inchi tatu kiunoni. Niliongeza sita!"

Mikono iliyokuwa inakunja nguo ikasimama. Nepi ya mtoto ikaanguka. Mdomo wa mama mkwe ukafunguka, mwayo ukaanza kuutanua, ukautanua kupita mdomo wa mtu unavyoweza kutanuka, na ndani mle sauti ile ikasema, "Lala, lala, lala," na kope za mume zikaanza kushuka, na magoti ya mkunga yakalegea, na Fundi akajua lililobaki ni lile ambalo mkwe hamwambii mkwe.

"Ulizaa watano," akasema, machozi yakimtoka. "Anayekuja kukusalimia ni mmoja. Jiulize kwa nini."

Kisha kutoka chini kabisa, kama maji yanayotafuta bomba, ukaja msonyo. Ulianza mdogo, ukapanda, ukarefuka, ukaujaza ule mdomo uliotanuka na kuufunga kwa nguvu.

"We!" Macho yakafunguka, mekundu, makali, ya mwenyewe. "We mshona viraka! Mimi nina madonge? Mimi? Wewe uliyeingia nyumba hii hujui hata kuchambua mchele! Wanangu unawajulia wapi? Nani kakupa ruhusa ya kuwahesabu? Hebu nipishe hapa kabla sijakuonyesha..."

Dirisha likajipiga. Kwenye sakafu kavu, nyayo mbichi zikatokea moja baada ya nyingine, zikaelekea mlangoni, zikashuka ngazi, zikatoka getini, na jua likazikausha hapo hapo.

Mama mkwe akaanguka kwenye kiti cha kubembea, akahema, bado anatukana. Fundi alipiga magoti mbele yake, analia na kucheka.

"Endelea, mama. Usiache. Endelea!"

Jioni ilipokaribia, mkunga alikwisha kwenda, na mume alikuwa nje akimweleza jirani habari ambayo yeye mwenyewe hakuielewa. Mama mkwe alikuwa bado kitini, dhaifu, shali mabegani.

"Njoo hapa," akasema.

Fundi akaja.

"Inchi sita?"

"Nne, mama. Nilitia chumvi."

Mama mkwe hakucheka. Akamtazama muda mrefu.

"Siku ile pale mlangoni nilikuwa nimelala," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini nilikuona. Ulinitazama."

Fundi akainamia kichwa cha mtoto.

"Nipe mjukuu wangu."

Mkono wa Fundi ulikwenda kwenye fundo, ukasita.

"Unaogopa?"

Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Akamtoa mtoto, akamweka mikononi mwa yule mama. Mama mkwe akamlaza vizuri, akamfunika kwa pindo la shali, na hakuinua tena uso kumtazama mkwe wake.

"Sasa nenda kalale," akasema. "Mimi niko macho."

Fundi akaenda chumbani, akajilaza upande mmoja, mwili mzima ukimlilia usingizi baada ya siku tano. Akakaa hivyo hivyo, macho wazi, akisikiliza kile kiti kikilia taratibu sebuleni, mbele na nyuma, mbele na nyuma.