Risasi za Ncha Bapa

Jioni ile nilibakiwa na kazi moja tu: kufunga duka na kumpelekea mume wangu boksi la risasi.

Duka letu ni la bunduki. Mume wangu ndiye fundi, mimi ni wa kaunta, na maneno yote ya dukani ni yangu. Mteja akitaka risasi, humuuliza kwanza bunduki yake inazibeba wapi. Wengine hununa. Wanune tu. Bunduki ya wenzo, ile inayokokiwa kwa kusukuma chuma cha chini, hupanga risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kichwa cha risasi ya nyuma hugusa kitako cha ile ya mbele, palepale penye fataki inayowasha baruti. Ukiweka zenye ncha kali kisha ukafyatua, bunduki ikiruka, ncha inaweza kuichoma fataki iliyo mbele yake. Bomba hupasuka, na hapo ndipo mkono wa kushoto unapoishikilia bunduki. Kwa hiyo bomba linataka risasi za ncha bapa. Hakuna mjadala.

Mume wangu hakuwahi kuyaamini macho yake katika jambo hilo. Kila risasi aliipitishia dole gumba kichwani kabla ya kuitia kwenye bomba.

"Macho hudanganywa, bosi wangu," aliniambia. "Dole halidanganyiki."

Siku hiyo yeye alikuwa nyumbani, analinda zizi. Kuna kitu kilikuwa kinatumalizia kondoo. Majuma machache nyuma alikipiga risasi mguu wa mbele, wa kushoto, kikakimbia kikilia. Nilikisikia. Kililia kama mtu aliyebanwa vidole na mlango. Tangu hapo mume wangu hakupata usingizi wa maana, na risasi zilikuwa zimemwishia.

Nilikuwa nimeshashika ufunguo mlango wa duka ulipofunguliwa.

Alikuwa mume wangu.

"He, fundi! Zizi umemwachia nani?"

"Nimeona nizifuate mwenyewe," akasema. "Nipe."

Sauti yake. Koti lake, hata kiraka nilichomshonea kiwikoni. Mkono wa kushoto kautia mfukoni. Sitasema uongo, nilifurahi kumwona, maana njia ya kwetu siipendi giza likianza kuingia. Nikampa boksi.

Akalitumbukiza kwenye koti bila kulifungua.

Nikacheka. "Leo dole limekwenda likizo?"

"Dole gani?"

Ndipo harufu iliponifikia. Baruti iliyoungua... na manyoya yaliyoloa.

Simu yangu ikaita. Nikaitazama. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Fundi.

Niliipokea bila kumwondolea macho yule aliyekuwa mbele yangu.

"Bosi wangu, usije kwanza," sauti ilininong'oneza. "Kimekuja. Kiko nyuma ya zizi."

"Uko wapi?"

"Niwe wapi tena? Nyumbani."

Aliyesimama mbele yangu akatabasamu.

"Risasi zako ziko hapa dukani," nikasema. "Huna kitu. Ingia ndani ufunge mlango."

"Sina kitu vipi? Si umeniletea mchana? Nimeshazijaza."

"Leo sijatoka dukani."

Nikawasikia kondoo wakigongana kwenye mbao za zizi.

"Fundi. Ulizipapasa?"

"Ulinipa wewe mkononi, mke wangu," akanong'ona. "Ningeanza kukukagua wewe?"

"Usifyatue! Zitoe! Zitoe zote!"

Yule wa ng'ambo ya kaunta akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauinua hadi mdomoni, kama mtu anayetaka kukunyamazisha kwa kidole. Kidole hakikuwepo. Hata kiganja hakikuwepo. Palikuwa na kigutu tu, kibichi, kimezungukwa na manyoya.

"Mwache," akasema taratibu. "Mwache afyatue."

Mlio mmoja ukasikika kwenye simu. Ukafuatwa na mwingine, mzito, ambao haukuwa mlio wa bunduki.

Kisha mume wangu akaanza kuniita.

Nilipoinua macho, dukani sikumwona mtu. Boksi lilikuwa sakafuni, limefunguka, na risasi zote zimo.

Alipona. Mkono wake wa kushoto haukupona; waliukata juu kidogo ya kifundo. Ndani ya bomba lililopasuka ilibaki risasi moja. Niliipitishia dole langu mwenyewe, ikanitoboa. Risasi ya namna ile hatujawahi kuiweka dukani kwetu.

Asubuhi mama mkwe, anayekaa jirani nasi, alikwenda zizini. Hakuona damu ya mnyama, aliona ya mwanawe peke yake. Kisha akakuta nyayo za ndara, kisigino cha kulia kimelika upande wa ndani. Alirudi akaziinamia ndara zangu mlangoni, akazigeuza, akaziweka chini.

"Kimechukua mkono kwa mkono," alisema. "Huenda sasa kikatuacha."

Lakini tangu siku ile mama mkwe hali chakula nilichopika mimi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mimi na mume wangu tukawekeana neno. Anayebisha hodi jioni ataulizwa: ncha gani? Hujajibu "bapa", hufunguliwi. Tuliligeuza kuwa utani, maana bila utani tungewehuka.

Jana magharibi nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Hodi ikapigwa. Mume wangu akaenda mlangoni, nami nikamfuata nyuma, kisu mkononi.

"Ncha gani?" akauliza.

"Bapa," ikajibiwa kutoka nje. "Nifungulie bwana, fundi, nimechoka."

Ilikuwa sauti yangu.

Mume wangu akageuka polepole. Nilitegemea ashtuke, anikimbilie, tuushikilie mlango pamoja. Hakufanya hivyo. Alinitazama usoni. Akakitazama kisu. Akazitazama ndara zangu.

"Na wewe," akanong'ona, "ncha gani?"

"Bapa," nikasema.

"Bapa," ikasema sauti ya nje, wakati uleule.

Machozi yalikuwa yananitoka, nami sikujua kama ni ya vitunguu. Mume wangu akanisogelea. Akaunyanyua mkono wake mmoja uliobaki, akaweka dole gumba kwenye paji la uso wangu, akalishusha taratibu hadi kidevuni, macho kayafumba, kama alivyokuwa akifanya miaka yote kabla ya kutia risasi kwenye bomba.

"Ni mimi," nikamwambia. "Mume wangu, ni mimi."

Sijui dole lilimwambia nini.

Aligeuka, akaenda mlangoni, akalishika komeo.